Nyota Iliyotazama Dirishani

Nsimire mwanangu,

Naomba unisamehe ukimya wangu. Tangu tulipomzika mama yako, mwezi wa nne, tumeishi nyumba moja na kula meza moja, nami sijakuambia neno lolote zaidi ya salamu na maagizo. Ulidhani nimekasirika, na mwanzoni ilikuwa kweli. Baadaye hasira iliisha nikabaki sijui pa kuanzia. Mtu aliyefundisha watoto kuandika barua kwa miaka thelathini na minne aliona aibu kukiri kwamba hajui pa kuanzia.

Sasa ni Jumapili, saa tisa alasiri. Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako. Kesho utavuka mto Ruzizi, pale mpakani, ukapande ndege upande wa pili, uende Lubumbashi kwenye masomo yako ya uuguzi. Mambo ya hati, ya chakula cha njiani na ya kutomwachia mzigo wako mtu usiyemjua, shangazi yako amekwisha kuyasema mara tatu. Sitayarudia. Ninaandika juu ya jambo la jana, kwa sababu tangu jana sijatulia. Asubuhi nilitia chumvi katika chai, nikainywa mpaka mwisho ndipo nikatambua. Kanisani nilibaki nimesimama watu wote walipopiga magoti, mpaka mzee wa nyuma yangu aliponivuta koti.

Nianze na lile tunalolijua sote wawili, labda nitapata nguvu ya kufika kwenye lile ambalo sikulijua.

Kaka yako Mugisho alipobatizwa, hatukuwa na pambo la Noeli hata moja. Mjomba wako wa Mudaka alituletea kilele cha mti wa sipre kiwe mti wetu wa Noeli, akakisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga na kusema, "Shemeji, hii ndiyo sapini yenu. Sasa muivalishe." Tuliivalisha pamba ya duka la dawa na karatasi za kung'aa. Halafu nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikalikata kwa mkasi wa bati, nikapata nyota moja yenye ncha tano. Nilimwuliza mama yako, "Mnamwitaje mtoto huyu?" Nilikuwa ninalijua jina, tulilichagua pamoja. Lakini nilitaka lisemwe. Akalisema, nami nikaligonga kwa msumari, herufi kwa herufi, kisha nikatoboa tundu moja pembezoni kwa ajili ya Noeli yake ya kwanza.

Hivyo ndivyo desturi yetu ilivyoanza. Kila mtoto nyota yake, na kila Noeli tundu moja, limepangwa sawasawa na la mwaka uliotangulia. Taa ikiwekwa nyuma ya sapini, mwanga hupenya katika matundu, na kila mtoto huona miaka yake inawaka. Mambo mengine ndani ya katoni yalikuja yenyewe: kifungo cha sare yako ya kwanza, malaika niliyemkata kwenye kopo la dagaa ambaye mpaka leo ana harufu, balbu iliyoungua siku ile umeme uliporudi kwa kishindo na mama yako akaifunga uzi mwekundu. Kila mwaka mjomba alituletea sapini. Unakumbuka alipoanza kuja na pikipiki, na dereva akalalamika mlangoni petu?

"Muzee, huyu muabiria yako iko na manywele mingi. Njia yote ananikwaruza mu shingo."

Na mjomba akamjibu, "Umuheshimu. Iko bibi-harusi."

Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Nakumbuka pia Noeli ile ulipokuwa na miaka sita. Ulilia kwamba nyota ya Mugisho ina matundu mengi kuliko yako. Nilipotoka ulichukua msumari ukajitobolea mawili ya ziada. Niliporudi sikukuuliza chochote. Niliyaziba kwa nta ya mshumaa mbele yako, nikaitundika nyota yako kwenye tawi la chini kabisa, karibu na ndoo, ikae huko siku zote za Noeli ile. Nilisema mtoto hajipi miaka asiyoiishi. Lilikuwa neno sahihi. Lakini ulikuwa unataka kuwa sawa na kaka yako, basi, na mimi nikakujibu kama mtu aliyeshika mwizi.

Hilo ni kosa dogo. Sasa nikuambie kubwa, ambalo hata mama yako sikumwambia.

Mugisho alipofika mwaka wa sita wa shule ya msingi, mwalimu wa mwaka wa sita nilikuwa mimi. Mwisho wa mwaka alikosa alama moja katika sarufi ili apande darasa. Watoto wengine wawili nao walikosa alama moja. Wale wawili niliwaongezea, kwa kuwa walikuwa wenye bidii. Mugisho naye alikuwa mwenye bidii, na sikumwongezea. Niliogopa walimu wenzangu wangesema ninambeba mwanangu. Mkuu wa shule alinisifu katika mkutano, akasema huyu ndiye mwalimu asiye na upendeleo, nami nikarudi nyumbani nimefurahi. Mugisho akarudia mwaka. Noeli iliyofuata aliishika nyota yake ili nimtobolee tundu, na muda wote ule alitazama nyundo, hakunitazama usoni. Nilidhani anaogopa kujigonga vidole.

Kwa hiyo miezi michache kabla ya mtihani wa serikali, alipoacha masomo ya sekondari akaenda Luhwindja kuchimba dhahabu, nilimlaumu kwa kila kitu isipokuwa kile ambacho ningeweza kujilaumu mimi mwenyewe. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja na ulikuwepo siku aliporudi. Tulikuwa tunapamba. Aliingia na matope mpaka magotini, ameshika mfuko.

"Papa, nimeleta mataa ya sapini. Inawakaka rangi tatu."

Nikamwambia, "Taa za shimoni hazitatundikwa hapa. Umerudi masomoni, au umekuja kutembea?"

"Nimekuja Noeli, Papa."

Maneno matatu tu, na leo ninayasikia kuliko siku ile. Mimi niliichukua nyota yake kutoka mkononi mwa mama yako, yenye matundu kumi na manane, nikatoka nayo barazani nikaitupa chini mteremkoni. Iligonga paa la bati la jirani. Wote tuliisikia. Mugisho aliuweka mfuko wake sakafuni polepole, kama mtu anayeweka mayai, akaondoka. Tangu siku ile nilikataza jina lake lisitajwe katika nyumba hii, nanyi mkanitii, au hivyo ndivyo nilivyoamini kwa miaka kumi.

Sasa jana.

Tulikubaliana kupamba mapema ili upambe kabla hujasafiri. Ulishusha katoni kutoka juu ya kabati la mama yako. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kuigusa, maana yeye ndiye aliyekuwa akiifungua na kuifunga. Chini kabisa, chini ya pamba, palikuwa na kifurushi cha kitenge, kile cha kijani alichokivaa ulipopata komunyo ya kwanza. Ukanyoosha mkono haraka.

"Papa, ile usifungue. Nitaweka miye."

"Kwa nini?"

"Iko ya mama."

Nikakuambia, "Mama yako hakuwa na kitu nisichokijua."

Ulirudi nyuma ukakaa kitini. Ulikuwa na namna ya kukaa kama mtu anayesubiri kitu kianguke. Nikafungua.

Nilitambua kazi yangu mwenyewe kabla sijasoma jina. Ncha moja ilikuwa imepinda, ile iliyogonga paa. Nilihesabu matundu kumi na manane, yamepangwa sawasawa, ya mkono wangu. Halafu yakaendelea. Kumi mengine, yamekwenda upande, yamepishana, mengine makubwa, mengine madogo, yakitoka pembezoni na kuingia katikati ya nyota kama mtu anayetembea gizani. Mama yako hakuwahi kushika nyundo mbele yangu.

"Hii nilitupa," nikasema.

"Ulitupa, mama akaokota. Asubuhi yake. Ilikuwa juu ya manjanja, ile bati ya jirani, akaomba ngazi."

"Na haya matundu?"

"Kila Noeli, saa ile uko mu mukutano ya parokia."

Nilikuuliza ilitundikwa wapi, kwa kuwa kila mwaka nilikaa mbele ya sapini ile, nikaongoza sala mbele yake, na sikuiona. Ukanionyesha kwa kidevu tu. Nyuma. Upande wa dirisha. Nsimire, miaka yote hii sikuwahi kuizunguka sapini. Nimesahihisha madaftari ya maelfu ya watoto, nimewasahihisha mapadri katika matangazo yao, na sikuwahi kupiga hatua tatu kuona upande wa pili wa mti uliokuwa ndani ya sebule yangu.

"Mama alisema, mwenye nayo akipita mu njia ya chini, aione," ukasema. "Na alikuwa anapitaka. Anashukia kwa tonton ku Mudaka, anakuja mukesha ya Noeli, anasimama kule chini kidogo, anarudi."

Taa iliyokuwa ikimulika matundu yale niliiweka mimi. Kila mwaka ni mimi ninayeipenyeza taa nyuma ya sapini, nikinyoosha kutoka mbele, bila kuchungulia, mkono huu unaoandika.

Nikadhani yamekwisha, kumbe ndani ya kitenge kulikuwa na nyingine. Ndogo, imekatwa kwa mkasi wa nguo, kingo zake zina meno. Ina matundu matano. Haina jina.

"Na hii?"

"Iko ya mutoto ya Mugisho."

"Mtoto gani?"

"Papa, ulimuona. Ku kilio. Alikuletea mayi."

Hapo ndipo nilipokaa. Ulifikiri nimeugua, ukataka kumwita jirani. Sikuugua. Nilikuwa ninamwona mtoto wa kike mwenye sweta ya njano, katika siku za kilio cha mama yako, akipita katikati ya miguu ya watu wazima na kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Alinipa kwa mkono mmoja. Nikamwambia kwamba mkubwa hupewa kwa mikono miwili. Akakirudisha kikombe kwake, akakishika kwa mikono miwili, akanipa tena, na hakumwaga hata tone. Nikamwuliza, "Wewe ni wa nani?" Akasema, "Niko wa papa." Watu walicheka, mimi pia nilicheka kidogo, siku ambayo sikudhani ningeweza kucheka. Nikamwambia arudi kwa huyo papa wake. Akarudi. Sikutazama alikokwenda.

Nilikunywa maji yale, mwanangu. Nilikuwa na kiu sana.

Na siku iliyofuata, makaburini, Mugisho alisimama upande wa pili wa kaburi. Wewe ulinishika mkono ukaniambia, "Papa, musalimie basi." Nikaupita mkono wako kama nilivyompita yeye. Kwa hiyo ukimya wetu ulianzia pale, nami ndiye niliyeuanza.

Nitakuambia ukweli wote, kwa sababu barua ya nusu ukweli haina maana ya kubebwa mpaka Lubumbashi. Jana baada ya mshtuko wa kwanza, kilichonijia hakikuwa huruma. Nilimkasirikia mama yako. Nilimkasirikia mtu asiyeweza kunijibu. Miaka kumi alilala kando yangu na jambo hili, akanipikia, akaniombea, akatoka na nyundo yangu mimi nikiwa kanisani. Nilimkasirikia mjomba wako na bibi-harusi wake wa pikipiki. Nilikukasirikia na wewe. Niliketi barazani nikatafuta neno la kuwaita ninyi nyote. Nilipolikosa, nikajiuliza mama yako angefanyaje. Angeniambia? Nilikuwa mtu wa kuambiwa? Mtu akianza kusema nami, nilikuwa tayari nimeshika kalamu nyekundu kichwani. Mugisho alisema amekuja Noeli, nami nilikuwa ninatazama matope.

Hili ndilo pekee ninalotaka ubebe, na ubebe kama habari ya baba yako, wala si kama amri: nilisikiliza jinsi watu walivyosema, nikakosa walichosema. Huko uendako wagonjwa watakueleza maumivu yao vibaya, kwa maneno yaliyopinda, wakianzia mwisho. Wewe una subira ya mama yako. Mimi ningewarudisha waanze upya.

Nilipokuwa barazani ulimaliza kupamba peke yako. Ulitundika malaika wa dagaa, balbu, kifungo, pamba. Ukaja mlangoni na nyota zile mbili katika kiganja.

"Papa, hizi niweke wapi? Mbele ao nyuma?"

Nikageuza macho nikatazama mteremkoni. Halafu ukasema neno ambalo mwaka jana ningekuadhibu kwalo, "Papa, iko tu kopo ya maziwa. Haiumaka."

Inauma, Nsimire. Lakini nilifurahi ulivyosema vile, maana ilikuwa sauti ya mama yako ile ya kunicheka.

Ukaziweka mezani. Ukaanza, "Huyo mutoto anaitwa..." nami nikainua mkono nikakuzuia. Ulikwenda chumbani ukafunga mlango, na najua ulielewa kwamba nimekataa. Barua hii yote nimeiandika ili nikueleze mkono ule.

Sikukataa. Mama yako alikata nyota, akatoboa matundu matano, na hakuligonga jina. Alilijua jina. Alimbeba mtoto yule kwa mjomba wako huko Mudaka, bila shaka alimwita kwa jina mara elfu. Angeweza kuligonga kama alivyogonga matundu. Aliacha mahali wazi katikati, pakubwa, pa herufi nyingi. Usiku mzima nilipageuza mahali pale kichwani, na sasa nadhani nimeelewa. Katika nyumba hii jina hugongwa na mtu mmoja, na mtu huyo hawezi kuligonga mpaka amemwuliza mzazi, "Mnamwitaje mtoto huyu?" na mzazi amejibu kwa kinywa chake. Alijua kwamba ikinibidi kuligonga, itanibidi kwanza kuuliza. Na wa kuulizwa yuko Luhwindja.

Kwa hiyo ukishasoma barua hii usinitajie jina, wala kwa barua, wala kwa simu. Nikilijua kutoka kwako nitaligonga, nitaitundika nyota, nitajiona nimefanya jambo, na sitakwenda popote. Ninajifahamu.

Je, nitakwenda? Sijui. Miguu yangu si ya milima ile, lakini hiyo ni sababu ya uongo. Ninaogopa kwamba nitafika, atasimama mbele yangu na matope yake, nami nitaanza na sentensi mbaya. Tangu saa saba nimejaribu sentensi ya kwanza. Zote ni sahihi, na hakuna hata moja ninayoweza kumwambia mtoto niliyemnyima alama moja. Ninaogopa pia kwamba atakuwa mpole. Akinitukana nitajua la kufanya. Na ninaogopa yule mwenye sweta ya njano, kwamba atanikumbuka, aniletee maji kwa mikono miwili.

Zimebaki siku kumi na moja kabla ya Noeli. Sipendi kukuahidi jambo nikakuongopea.

Nikuambie nilichofanya mpaka sasa. Baada ya Misa niliitoa nyota yako sapinini. Nilitoboa tundu la mwaka huu, la ishirini na moja, na msumari uliniteleza, kwa hiyo limekwenda upande kidogo, utanisamehe. Halafu nikachukua kisu kidogo nikaikwangua nta katika yale mawili uliyojitobolea ukiwa na miaka sita. Ilikuwa imekuwa ngumu kama mfupa. Sasa una ishirini na matatu. Nyota yako usiibebe. Inabaki hapa, kwenye tawi la juu, upande wa mbele, kwa kuwa unatarajiwa.

Nyota ya Mugisho ningali nimeiacha mezani. Nilitaka kuinyoosha ile ncha iliyopinda, nikaona si haki yangu. Kando yake ipo ile ndogo, na msumari, na nyundo. Nimevisogeza mara nyingi kama mtu anayepanga meza. Ule mfuko alioacha sakafuni, nimeutafuta katika kabati la mama yako na kuupata. Taa zile za rangi tatu bado zimefungwa kama zilivyotoka dukani. Sijui kama zinawaka. Umeme haupo leo.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na wenzako, kwa hiyo nitaikunja barua hii na kuiweka kati ya nguo zako, chini ya ile blauzi nyeupe ya mazoezi ya hospitali, mahali ambapo hutafika kabla hujafika. Jioni hii tutakula pamoja, nami nitajaribu kukuuliza jambo moja na kukusikiliza mpaka mwisho.

Nikishaamua, nitakuandikia. Barua hiyo itakuwa fupi. Ama utaona ndani yake jina moja la mtoto, limeandikwa sawasawa, ama hutaliona, na hapo utajua baba yako amebaki nyumbani.

Mimi,
Papa